Kutoka York hadi Garden City: Serikali ya Marekani Mbele ya Chuki, Ugaidi na Bunduki

Meja Lewis Merrill alipofika Yorkville, South Carolina, Machi 1871, hakuamini aliyoambiwa. Alikuwa ofisa wa jeshi la farasi, na habari za watu weusi kuvamiwa usiku na wanaume waliofunika nyuso alidhani zimetiwa chumvi. Baada ya miezi kadhaa ya kusikiliza mashahidi mmoja baada ya mwingine na kuandika, alikuwa amehesabu mauaji 11 na watu zaidi ya 600 waliochapwa mijeledi, kupigwa au kujeruhiwa. Yote hayo katika kaunti moja tu, York.

Mmoja wa waliouawa alikuwa Jim Williams. Alizaliwa mtumwa, akatoroka wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na kujiunga na jeshi la Kaskazini, kisha akarudi kwao akawa kapteni wa wanamgambo weusi waliopewa bunduki na serikali ya jimbo. Gavana alipotaka bunduki zile zirudishwe, Williams alikataa. Aliona kwamba watu wake wakishazitoa hawatakuwa na wa kuwalinda. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Machi, wanachama wa Ku Klux Klan, wakiongozwa na daktari mwenye heshima zake mjini, walifika nyumbani kwake wakizitafuta bunduki hizo. Williams alikuwa amejificha chini ya mbao za sakafu. Wakamtoa, wakampeleka porini, wakamnyonga mtini na kumbandika karatasi ya kejeli kifuani. Miezi kadhaa baadaye mjane wake, Rose Williams, alisimama kizimbani mjini Columbia, mbele ya juri ambayo wajumbe wake wengi walikuwa watu weusi, akasimulia aliyoyaona usiku ule.

Kesi ile moja ilibeba mambo matatu ambayo leo serikali ya Marekani inayashughulikia katika ofisi tofauti kwa sheria tofauti: uhalifu wa chuki, ugaidi wa ndani na bunduki. Mwaka 1871 waendesha mashtaka hawakuyatenganisha. Waliwashtaki watu wa Klan kwa kula njama ya kuwanyima raia haki zao za kikatiba: haki ya kupiga kura, haki ya kuwa salama majumbani, hata haki ya kumiliki silaha. Majaji wawili waliosikiliza mashauri hayo hawakukubaliana kuhusu hoja ya silaha, ikabaki bila jibu. Lakini waendesha mashtaka walikuwa wamekwisha kuona jambo la msingi: aliyemchukia Williams, aliyewatia hofu majirani zake na aliyezitaka bunduki zake alikuwa mtu yule yule, na alihitaji kushughulikiwa kwa pigo moja. Kwa maoni yangu, miaka zaidi ya 150 iliyofuata ni historia ya namna mambo hayo yalivyogawanywa, na ya watu waliolipa gharama ya mgawanyo huo kwa maisha yao.

Wizara ya Sheria ya Marekani yenyewe ilizaliwa katika joto la siku zile. Iliundwa kwa sheria ya Juni 1870 na kuanza kazi tarehe 1 Julai, na kazi yake kubwa ya mwanzo ikawa kuulinda uraia wa watu waliotoka utumwani. Mwezi mmoja kabla, tarehe 31 Mei, ilipita sheria iliyofanya kuwa kosa la jinai watu wawili au zaidi kula njama ya kumtisha au kumdhuru raia kwa sababu ya haki zake, au kwenda barabarani au nyumbani kwa mtu wakiwa wamejificha sura kwa nia hiyo. Aprili 1871 ikafuata nyingine kali zaidi, iliyompa Rais Ulysses Grant uwezo wa kutumia jeshi na kusimamisha haki ya mahabusu kufikishwa upesi mbele ya hakimu. Oktoba mwaka huo Grant aliutumia uwezo huo katika kaunti tisa za South Carolina. Mwanasheria Mkuu wake, Amos Akerman, alikuwa mtu wa Georgia aliyewahi kuitumikia serikali ya waasi wa Kusini, na huenda ndiyo maana hakudanganyika. Aliwajua watu aliokuwa akipambana nao.

Mamia walikamatwa. Wengine walikimbia jimbo, na yule daktari alikimbilia Kanada. Wengi walikuja wenyewe kuungama kwa maofisa. Katika muda usiofika mwaka, Klan ya South Carolina ilikuwa imevunjika. Hili ningependa msomaji alishike, kwa sababu kila mauaji makubwa yanapotokea Marekani huwa tunasikia kwamba tatizo hili ni zito mno na halina dawa. Dawa ilishawahi kupatikana, na ilifanya kazi.

Ila haikudumu. Akerman aliondoka madarakani Januari 1872. Mwaka 1873 mashtaka yakasimamishwa na misamaha ikaanza kutolewa. Siku ya Pasaka mwaka huo huo, tarehe 13 Aprili, kundi la wazungu wenye silaha na mzinga mdogo lilishambulia mahakama ya mji wa Colfax, Louisiana, ambako watu weusi walikuwa wamejihifadhi kuyalinda matokeo ya uchaguzi. Waliouawa hawajulikani idadi kamili. Makadirio yanaanzia watu 60 na kufika 150, na wengi waliuawa baada ya kujisalimisha. Washtakiwa walikaribia mia moja. Watatu ndio waliotiwa hatiani, nao wakakata rufaa.

Mwaka 1876 Mahakama ya Juu, kwa kalamu ya Jaji Mkuu Morrison Waite, iliwaachia huru. Mahakama ilisema Marekebisho ya Kumi na Nne ya Katiba yanawabana watendaji wa majimbo na hayawahusu watu binafsi, na kwamba haki ya kukusanyika na ya kubeba silaha zinamlinda raia dhidi ya serikali ya shirikisho peke yake. Aliyeuawa na majirani zake basi akalalamike kwa jimbo lake, yaani kwa sherifu ambaye pengine alikuwa mmoja wa wauaji. Mwaka 1877 majeshi ya shirikisho yaliacha kusimamia siasa za Kusini. Sheria ya 1870 ilichanwa vipande kadiri miaka ilivyokwenda, ingawa kifungu chake cha njama kilinusurika. Kikabaki vitabuni bila kazi kubwa.

Kilichofuata ni giza la miaka 80. Shirika la Equal Justice Initiative la Alabama limeorodhesha watu weusi zaidi ya 4,400 waliouawa na makundi ya watu bila kesi kati ya 1877 na 1950. Nitataja kisa kimoja tu, kwa sababu kinaonyesha jinsi mikono ya serikali ilivyokuwa imefungwa. Februari 1898, huko Lake City, South Carolina, Frazier Baker, mwalimu mweusi aliyeteuliwa kuwa mkuu wa posta, alichomewa nyumba usiku na kupigwa risasi alipotoka. Binti yake mchanga aliuawa pamoja naye. Mwandishi Ida B. Wells alikwenda Ikulu kumwona Rais William McKinley kuhusu jambo hilo. Serikali ya shirikisho ilifungua kesi kwa kuwa Baker alikuwa mtumishi wake. Angekuwa mkulima, isingekuwa na njia. Juri ilishindwa kuafikiana, na hakuna aliyefungwa.

Januari 1900 George Henry White wa North Carolina, ambaye wakati huo alikuwa mbunge mweusi pekee katika Bunge zima, alipeleka muswada wa kuyafanya mauaji hayo kuwa kosa la shirikisho. Ulikufa ndani ya kamati. Mwaka 1922 muswada wa Leonidas Dyer wa Missouri ulipita Baraza la Wawakilishi kwa kura 231 dhidi ya 119, kisha maseneta wa Kusini wakauzima kwa kuzungumza bila kikomo hadi wenzao wakachoka. Miswada ya aina hiyo ilifika kama 200. Nikilitafakari hilo, siwezi kukubali kwamba serikali haikujua. Ilikuwa ikikumbushwa kwa maandishi, kizazi baada ya kizazi.

Bunduki zilipoanza kudhibitiwa na serikali ya shirikisho, hazikudhibitiwa kwa ajili ya watu kama Baker. Sheria ya 1934 iliyoweka ushuru wa dola 200 na usajili kwa bunduki za rashasha na zile zilizokatwa mtutu ilitokana na vita vya magenge ya pombe, mauaji ya Chicago ya siku ya Valentino 1929, na jaribio la kumuua Franklin Roosevelt mjini Miami Februari 1933. Dola 200 wakati ule zilikuwa fedha nyingi, na rashasha zikaadimika mitaani. Tangu hapo bunduki zikawa na faili lake, na chuki ikabaki bila faili.

Miaka ya 1960 ndiyo iliyoibua kila kitu upya. Septemba 1963 bomu liliua wasichana wanne katika Kanisa la Kibaptisti la Mtaa wa 16, Birmingham, Alabama. Kufikia 1965 FBI ilikuwa na majina ya washukiwa. Mkurugenzi wake, J. Edgar Hoover, hakuruhusu kesi iende mahakamani, na faili likafungwa 1968. Mshukiwa wa kwanza alitiwa hatiani 1977 na jimbo la Alabama, wa mwisho 2002, wakati watu wengi wa kizazi kile wamekwisha kuzeeka. Ni FBI hiyo hiyo iliyokuwa ikinasa simu za Martin Luther King.

Juni 1964, katika kaunti ya Neshoba, Mississippi, vijana watatu waliokuwa wakiandikisha wapiga kura, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, walikamatwa na naibu sherifu, wakaachiwa usiku, kisha wakafuatwa na kuuawa. Miili yao ilifukuliwa baada ya siku 44 kutoka kwenye tuta la udongo la bwawa. Wakati huo jimbo halikumshtaki mtu yeyote kwa mauaji. Hapo Wizara ya Sheria ikarudi kwenye maktaba na kukitoa kile kifungu cha 1870. Jaji wa Mississippi aliyatupa mashtaka karibu yote, Mahakama ya Juu ikayarudisha mwaka 1966, na Oktoba 1967 juri ya watu weupe watupu ikawatia hatiani washtakiwa saba, naibu sherifu na kiongozi wa Klan ya jimbo wakiwamo. Vifungo vilikuwa vya miaka mitatu hadi kumi, vidogo mno kwa roho tatu. Hata hivyo, sheria iliyoandikwa kwa ajili ya watu kama Rose Williams ilikuwa imeamka baada ya karibu karne moja.

Mwaka 1968 Bunge lilipitisha sheria mbili ambazo zingeweza kuwa moja. Siku saba baada ya King kuuawa Memphis, Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya haki za raia yenye kifungu cha kwanza cha kisasa kuhusu uhalifu wa chuki. Lakini kilimlinda mtu aliyeshambuliwa kwa rangi, dini au asili yake pale tu alipokuwa akifanya jambo lililotajwa na sheria, kama kupiga kura, kwenda shule ya umma au kula hotelini. Mtu aliyekuwa akitembea zake njiani kurudi nyumbani hakuwamo.

Sheria ya pili ilihusu bunduki, nayo ilikuwa imengoja miaka mitano. Bunduki iliyomuua John Kennedy mwaka 1963 ilikuwa Carcano ya Kiitaliano iliyoagizwa kwa posta kutoka duka la Chicago kwa jina la bandia, kwa dola 21 na senti 45, darubini na gharama za kutumwa zikiwa ndani ya bei. Seneta Thomas Dodd alihangaika na muswada wa kuzuia biashara hiyo mwaka hadi mwaka. Walipouawa King na kisha Robert Kennedy, Juni 1968, ndipo ukapita. Sheria ya Oktoba 1968 ilikomesha uagizaji wa bunduki kwa posta kutoka jimbo hadi jimbo na kuwazuia wahalifu na watu wengine kadhaa kuuziwa silaha. Johnson alipoisaini alilalamika waziwazi kwamba Bunge limemnyima usajili wa bunduki na leseni za wamiliki. Hajapata rais mwingine kuvipata.

Matokeo yake yanaonekana vizuri mahali pamoja, Martinsburg, West Virginia. Hapo kuna kituo cha taifa cha kufuatilia bunduki zilizotumika katika uhalifu, chini ya ATF, idara ya shirikisho inayosimamia bunduki. Polisi wakiokota bastola Chicago, hupeleka namba yake Martinsburg. Watumishi wa kituo humpigia simu mtengenezaji, kisha muuzaji wa jumla, kisha duka. Duka likiwa limefungwa, karatasi zake za mauzo ziko pale kituoni, na maboksi yamewahi kujaa kwenye korido hadi mengine yakawekwa ndani ya makontena kwenye maegesho ya magari. Karatasi hupigwa picha, lakini sheria inakataza kuziweka katika mfumo unaoweza kutafutwa kwa jina la mnunuzi. Kwa hiyo mtu anakaa mbele ya skrini akipitia ukurasa baada ya ukurasa, kama aliyepewa kitabu cha simu kisichofuata alfabeti. Makatazo ya Bunge katika bajeti yalianza mwishoni mwa miaka ya 1970, na sheria ya 1986 ikapiga marufuku daftari la taifa la bunduki. Chama cha watetezi wa bunduki, NRA, ambacho mwaka 1977 kilichukuliwa na mrengo wake mkali, ndicho kilichopigania hayo kwa bidii. Nchi inayoweza kumtambua mgeni kwa alama za vidole uwanjani iliamua kwa makusudi kutojua bunduki zake zilipo.

Miaka ya 1990 ilileta sheria kwa mkururo. Sheria ya 1990 iliitaka serikali ikusanye takwimu za uhalifu wa chuki, bila kuvilazimisha vituo vya polisi kuziwasilisha, kasoro iliyopo hadi leo. Sheria ya Brady, iliyosainiwa Novemba 1993, iliweka ukaguzi wa rekodi za mnunuzi. Ilipewa jina la James Brady, msemaji wa Ikulu aliyepigwa risasi ya kichwa pamoja na Ronald Reagan mwaka 1981. Ndani yake mlipenyezwa sharti kwamba ukaguzi usipokamilika katika siku tatu za kazi, muuzaji anaruhusiwa kuuza. Nitalirudia sharti hilo. Mwaka 1994 bunduki nyingi za mtindo wa kivita zikapigwa marufuku kwa miaka kumi; muda ulipokwisha Septemba 2004, Bunge liliiacha marufuku ife.

Kisha ikaja Oklahoma City. Tarehe 19 Aprili 1995 mwanajeshi wa zamani wa Marekani aliegesha lori la mabomu mbele ya jengo la serikali, akaua watu 168, watoto 19 wakiwamo. Alitaka kulipiza kisasi kwa vifo vya Waco, Texas, ambako miaka miwili kabla, siku kama hiyo, mzingiro wa serikali dhidi ya dhehebu lililolimbikiza silaha uliishia kwenye moto. Muuaji alikuwa mtu wa ndani, mzungu, aliyejaa itikadi za makundi yenye silaha. Sheria iliyotungwa mwaka uliofuata kwa jina la kupambana na ugaidi ilianzisha orodha rasmi ya mashirika ya kigaidi, na kuyasaidia ikawa kosa zito. Ila orodha hiyo ni ya mashirika ya kigeni peke yake.

Wasomaji wa Nairobi na Dar es Salaam wanaujua upande wa pili wa sheria za aina hiyo. Mabomu ya tarehe 7 Agosti 1998 kwenye balozi za Marekani yaliua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Wapelelezi wa FBI walimiminika huku kwetu, washtakiwa wakapelekwa New York, wanne wakahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2001, na al-Qaeda ikaingizwa kwenye orodha mwaka 1999. Marekani iliyafuata mauaji yale kuvuka bahari, na ilifanya vema. Baada ya Septemba 2001 sheria mpya ilitoa hata maana ya ugaidi wa ndani, lakini bila kuuwekea kosa lake na adhabu yake. Hadi leo anayeua kwa itikadi ndani ya Marekani hushtakiwa kwa mlipuko, kwa bunduki, kwa chuki au kwa mauaji, kutegemea alichotumia na aliyemwua.

Wapo watetezi wa haki wanaosema ni heri iwe hivyo, maana serikali iliyomnasa King simu ikipewa orodha ya magaidi wa ndani itawaandika wapinzani wake kwanza. Naiheshimu hofu hiyo, ina mizizi katika mambo yaliyotokea. Ndiyo sababu naona njia salama zaidi ni ile ya 1870, inayoanza na haki za aliyeshambuliwa na kumshtaki mtu kwa alichopanga kutenda.

Mapengo ya sheria ya chuki ya 1968 yalionekana wazi mwaka 1998. James Byrd, mwanamume mweusi wa Jasper, Texas, alifungwa kwa mnyororo nyuma ya gari la wazungu watatu na kuburutwa hadi akafa. Oktoba mwaka huo mwanafunzi Matthew Shepard alipigwa na kuachwa amefungwa kwenye uzio Laramie, Wyoming, kwa sababu alikuwa shoga. Byrd alikuwa akirudi nyumbani, na ushoga haukutajwa kabisa katika sheria ya 1968. Ilichukua miaka 11 kuziba mapengo hayo: Barack Obama alisaini sheria yenye majina yao tarehe 28 Oktoba 2009, ikiwa imeambatishwa kwenye bajeti ya ulinzi ili isikwame tena.

Sheria hiyo ilimtia hatiani muuaji wa Charleston, lakini hapo tayari watu tisa walikuwa wamekufa. Jioni ya tarehe 17 Juni 2015 kijana mzungu aliingia Kanisa la Emanuel, mojawapo ya makanisa ya kale ya watu weusi huko Kusini, akakaribishwa kwenye somo la Biblia, akakaa nao karibu saa nzima, kisha akawapiga risasi walipofumba macho kuomba. Mchungaji wao, Seneta wa jimbo Clementa Pinckney, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Jina la muuaji siliandiki. Alilitaka sana lijulikane.

Bastola aliinunua dukani, mwezi Aprili. Wiki chache kabla alikuwa amekamatwa na kukiri kuwa na dawa za kulevya, na rekodi hiyo ilitosha kumzuia. Mkaguzi wa FBI aliona alama ya kukamatwa, akatafuta maelezo zaidi, akaelekezwa na kumbukumbu zenye makosa kwenye ofisi isiyohusika. Polisi wa Columbia walikuwa nayo ripoti, hakuwafikia. Siku tatu zikapita, duka likauza. Julai 2015 mkurugenzi wa FBI, James Comey, alikiri hadharani kwamba bunduki ile haikupaswa kuuzwa, na Oktoba 2021 Wizara ya Sheria ilikubali kuwalipa manusura na familia dola milioni 88. Ofisi ya chuki ilifanya kazi yake vizuri mahakamani. Ofisi ya bunduki ilikuwa imemwachia apite.

Mwaka mmoja baada ya mauaji ya Charleston, huko Kansas, ilionekana jinsi mambo yanavyoweza kwenda. Garden City ni mji wa viwanda vya nyama, na wafanyakazi wake wengi ni wahamiaji. Mwaka 2016 wanaume watatu wa kundi lenye silaha lililojiita Wapiganaji wa Msalaba walipanga kuegesha magari yenye mabomu kuzunguka nyumba za kupanga walizokaa Wasomali, ambapo chumba kimoja kilitumika kama msikiti. Walichagua siku baada ya uchaguzi wa Novemba. Mtu mmoja ndani ya kundi alishirikiana na FBI, akarekodi mikutano kwa miezi kadhaa, na Oktoba wakakamatwa. Aprili 2018 juri iliwatia hatiani kwa njama ya kutumia silaha ya maangamizi na kwa njama ya kuwanyima wakazi wale haki zao. Kosa hilo la pili ni kile kifungu cha Mei 1870. Walifungwa miaka 25 hadi 30, na hakuna Msomali hata mmoja wa Garden City aliyezikwa kwa sababu yao.

Sio wote waliowahiwa. Agosti 2017 bomu lilirushwa ndani ya msikiti wa Dar al-Farooq, Bloomington, Minnesota, wenye waumini wengi Wasomali, alfajiri watu wakijiandaa kuswali. Hakuna aliyeumia. Kiongozi wa kundi la Illinois lililofanya hivyo alifungwa miaka 53, na msingi wa kesi ulikuwa sheria ya kulinda nyumba za ibada, iliyotiwa makali mwaka 1996 makanisa ya watu weusi yalipokuwa yakichomwa Kusini. Sinagogi la Pittsburgh lilipoteza watu 11 Oktoba 2018, na duka la El Paso watu 23 Agosti 2019. Heather Heyer aliyegongwa kwa gari Charlottesville 2017, na Khalid Jabara aliyeuawa na jirani yake Tulsa 2016, walikuwa na kesi zilizotambuliwa mahakamani kuwa za chuki, ila takwimu za taifa hazikuwahesabu. Sheria ya Mei 2021 ya kuboresha takwimu hizo imebeba majina yao. Mwezi uliofuata Ikulu ilitoa mkakati wa kwanza wa taifa kuhusu ugaidi wa ndani.

Tarehe 29 Machi 2022 Joe Biden alisaini sheria yenye jina la Emmett Till, kijana mweusi aliyeuawa kwa chuki, ikiyafanya mauaji ya makundi kuwa kosa la shirikisho, miaka 122 baada ya muswada wa White. Michelle Duster, kitukuu wa Ida B. Wells, alizungumza katika hafla hiyo. Wiki chache baadaye, tarehe 14 Mei, kijana wa miaka 18 aliua watu weusi 10 katika duka la vyakula Buffalo, na siku kumi baadaye watoto 19 na walimu wawili waliuawa Uvalde, Texas. Mwaka uliotangulia, 2021, bunduki zilikuwa zimeua watu 48,830 Marekani, zaidi ya nusu wakijiua wenyewe. Tarehe 25 Juni ilisainiwa sheria ya kwanza kubwa ya bunduki katika karibu miaka 30. Siku mbili kabla yake Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kwamba kila sheria ya bunduki lazima ilingane na mila za kale za nchi.

Hata hayo machache hayakuachwa yakomae. Januari 2025 Donald Trump aliwasamehe au kuwapunguzia adhabu watu wapatao 1,500 walioshtakiwa kwa uvamizi wa Bunge wa tarehe 6 Januari 2021, na ofisi ya Ikulu ya kuzuia mauaji ya bunduki, iliyofunguliwa Septemba 2023, ikafungwa. Aprili Wizara ya Sheria ilikatisha mamia ya ruzuku, zikiwamo za vikundi vya mitaani vinavyowatuliza vijana kabla hawajapigana risasi. Grant alisamehe mwaka 1873, na tunajua kilichotokea baada yake.

Sheria ya 2022 iliongeza muda wa ukaguzi hadi siku kumi za kazi kwa wanunuzi walio chini ya miaka 21. Muuaji wa Charleston alikuwa ametimiza miaka 21 mwezi huo huo alionunua bastola. Sheria hiyo isingemgusa. James Clyburn, mbunge wa South Carolina, aliandaa muswada wa kuziongeza siku tatu kwa kila mnunuzi. Baraza la Wawakilishi liliupitisha Februari 2019, likaupitisha tena Machi 2021. Seneti haikuupitisha mara zote mbili, na siku bado ni tatu.